Diwani Yohanes na Kikao cha Akina Mama

Diwani Yohanes alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita penye watu zaidi ya watano bila kusimamisha gari na kusalimia. Ugonjwa huo ndio uliompa kazi. Alipata uenyekiti wa kitongoji kwa kusalimia misibani, akapata uenyekiti wa kijiji kwa kusalimia minadani, na sasa ni muhula wa tatu yeye ndiye diwani wa kata, huko nyuma ya Mlima Hanang. Mihula yote mitatu aliomba kura kwa ahadi ya zahanati ileile, yenye chumba cha kujifungulia. Zahanati yenyewe hadi leo ni msingi tu, mbuzi wanalala humo.

Jumanne ile asubuhi, akiwa garini na dereva wake Patriki, aliona akina mama kama sitini wamekaa uwanjani, fimbo mikononi. Kikao cha akina mama wa Kibarabaig hakisogelewi na mwanaume, awe mume, awe mchungaji, awe nani sijui. Yohanes alilijua hilo tangu utotoni, mama yake mzazi alikuwa akienda. Lakini mazoea bwana! Akamsimamisha Patriki, akashusha kioo, akawasha kipaza sauti.

"Akina mama hoyeee!"

Hakuitikia hata mmoja. Wote sitini wakamgeukia. Ndipo akili ikamrudia. Alilelewa akiambiwa kwamba mwanaume akivuruga kikao kile, laana inaangukia uzazi wa nyumba yake. Na binti yake Lucia alikuwa nyumbani, mimba ya kwanza, siku zimetimia.

Akashuka, akasimama mbali, kofia mkononi.

"Shikamooni mama zangu. Nimekosa. Naleta ng'ombe, dume jeusi, leo hii hii."

Mama Gidahosh, mkubwa wao, hakuinuka.

"Ng'ombe wako mwache ale majani. Tulikuwa tunawaombea wajawazito wa kata hii. Lucia wako tulikuwa ndiyo kwanza tumemtaja. Umetukatia hapo."

Jamani! Yohanes alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nitozeni chochote, mama. Chochote!"

"Basi tupe gari. Litabeba wajawazito kwenda hospitali ya Katesh mpaka zahanati iezekwe bati. Wewe utatembea. Na lianze sasa hivi na mke wa Gidamis, kule bondeni, ana uchungu tangu jana."

Gari tu? Yohanes alitaka kucheka kwa nafuu. Akamwambia Patriki aende, na gari likashuka bondeni na vumbi lake. Mtu mwenyewe, bila haya, akaanza kuwaza kampeni: diwani aliyejitolea gari lake!

Hata nusu saa haikupita, bado yuko palepale uwanjani, simu ikalia. Ni Fabiola, mkewe.

"Baba Lucia, chupa imepasuka. Anatoka damu nyingi. Lete gari, tafadhali, lete gari!"

Akampigia Patriki. Hapatikani. Akapiga tena. Bondeni kule hakuna mtandao, na huo nao aliwahi kuuahidi.

"Mama," alimwambia Mama Gidahosh, "gari lisipokuwepo, ninyi huwa mnafanyaje?"

Bibi yule alikuwa ameshasimama, ameshawaita wanawake watatu wenye nguvu.

"Tunabeba kwa machela. Wewe utashika mbele."

Walimkuta Lucia amelala sakafuni, midomo imepauka. Wakamlaza kwenye machela, wakaondoka mbio mbio. Kutoka pale mpaka barabara ya lami ni kilomita kumi na nne. Yohanes aliijua vizuri hesabu hiyo, ilikuwa kwenye hotuba zake zote. Nyuma yake Lucia alikuwa akilia, kisha akanyamaza, na diwani hakuthubutu kugeuka kumtazama.