Vistari Viwili kwenye Jedwali la Plagini

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kila wiki, kazi yangu mimi ilikuwa kujaza jedwali. Nililetwa Kigoma kutoka Tanga, na kwa kuwa nilijisifu kujua kompyuta kuliko nilivyoijua, nikakabidhiwa tovuti ya kutafutia ndugu waliopotezana njiani. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Kasingirima, chumba na ukumbi, bati linawaka mchana kutwa. Aliyepotelewa na mtu alijaza fomu: namtafuta fulani. Aliyemwona alijaza nyingine: yupo hapa. Ujumbe ulitakiwa uingie kwenye sanduku letu la barua pepe. Kupeana habari hizo kwa simu tulikatazwa, maana wengine walikuwa wanatafutwa na watu wasiowatakia mema.

Tovuti ile iliendeshwa na plagini, vijiprogramu vinavyobandikwa juu ya mfumo mkuu, kila kimoja na kazi yake: hiki cha fomu, kile cha picha, kingine cha ramani. Taabu ni kwamba mfumo mkuu hubadilika, na kijiprogramu kilichoandikiwa mfumo wa jana huenda kisielewane na wa leo. Ndiyo sababu ya jedwali. Kila Ijumaa nilipaswa kuandika plagini gani, toleo gani, linaendana na toleo gani la mfumo, na nani amelijaribu. Kuijaribu fomu kulitaka uijaze mwenyewe kama mkimbizi, kisha usubiri uone kama ujumbe umefika, na kwa mtandao wetu asubuhi nzima ingeishia hapo. Wiki ya kwanza nilijaribu kweli. Baada ya hapo nilikuwa nachora vistari viwili vidogo, yaani kama hapo juu, kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho, natia sahihi, naenda zangu kuswali.

Mwenzangu ofisini, mama mmoja wa Mwamgongo aliyekuwa akienda kambini kuandikisha watu, aliiona karatasi ile siku moja akacheka.

"Weye mtu wa pwani," alisema, "mdharau mwiba mguu huota tende."

Nikamwambia mguu wangu mzima kabisa, atazame wake.

Kila Jumatatu na Alhamisi alikuja mama mmoja kutoka Burundi, aliyehifadhiwa na jamaa zake Ilagala. Siku waliyotua alikuwa hajitambui kwa homa, akabebwa kupelekwa hospitali, na binti yake wa miaka kumi na sita, mwenye kovu chini ya jicho la kushoto, akapandishwa basi la wakimbizi. Kambi zilikuwa zaidi ya moja, na kambi ipi hakuna aliyejua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imana irahari, Mungu yupo. Hakuna kitu?"

"Ngoja niangalie."

Nafungua sanduku, natazama kioo. "Bado, mama." Basi anakaa kwenye benchi la mlangoni hadi saa ya gari la Ilagala, mikono mapajani. Kusema kweli alinichosha. Nilitamani akasubirie kwingine.

Jumanne moja mwenzangu alirudi kutoka kambini, hakuketi.

"Watu wa zahanati wanalalamika. Nesi wao sikumkuta, lakini wanasema ametuandikia mara tatu. Kila mara fomu inamjibu asante, ujumbe wako umepokelewa, na sisi kimya. Kuna nini?"

Nikapandwa na hasira. Nikamtolea jedwali, nikamwekea kidole: fomu, inaendana, imejaribiwa, sahihi yangu hii hapa.

"Uliijaribu?"

Nikaijaza fomu pale pale. Ikanishukuru vizuri tu. Tukasubiri hadi adhuhuri, sandukuni hakikuingia kitu. Mfumo mkuu ulikuwa umejisasisha wenyewe wiki tatu nyuma, na plagini ya fomu ilibaki ile ile ya zamani. Ilipokea maneno ya watu ikayaweka ndani, lakini haikuyatuma kwetu. Kuweka toleo jipya kulinichukua dakika kumi. Kisha nikafungua mahali fomu za watu zilikohifadhiwa.

Za yule nesi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilisema kuna binti aliyetenganishwa na mama yake siku ya kutua, ana kovu chini ya jicho la kushoto, ana malaria kali, anamwita mama yake kwa jina, mama aje. Ya pili ilisema anazidiwa, tafadhali fanyeni haraka. Ya tatu ilisema amezikwa, na nguo zake zimetunzwa zahanati. Nilizisoma nikajichukia, na chuki ile bado haijaniisha.

Alhamisi mama akaja. Mwenzangu alimketisha kwenye benchi lake, akamshika mikono, akamweleza kwa Kiha, lugha inayokaribiana na ya kwao, pole pole. Aliinama, kisha akaniinulia uso.

"Huyo nesi aliandika lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: zimeingia leo, mtandao ulikuwa unasumbua. Nani angenibishia? Mwenzangu alikuwa ananitazama.

"Ya kwanza Jumanne, wiki mbili zilizopita," nikasema. "Ya mwisho Jumapili hii."

Akahesabu kwa vidole.

"Alhamisi yake nilikuwa hapa."

"Ndiyo, mama."

"Na Jumatatu. Na Alhamisi tena. Na Jumatatu hii."

"Ndiyo."

"Kila siku ulisema ngoja niangalie." Hakupaza sauti, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Mwanangu, ulikuwa unaangalia nini?"

Kisha mama alimgeukia mwenzangu, akamwomba amwelekeze zahanati ilipo, akachukue nguo.