Sauti ya Pili Nyumbani kwa Joselyne

Joselyne hakujua kukaa. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya Kigali, kazi ya watu wa kukaa, lakini yeye aliifanya akizunguka sebule yake hapa Kamembe kama kuku anayetafuta pa kutagia. Viganja vilimuuma hadi daktari akamkataza kuchapa. Basi akajipatia msaidizi wa akili bandia: yeye anasema, mashine inaandika, kisha inamjibu kwa sauti ya kike, ya upole kupita kiasi. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na amri alizitoa kwa Kiswahili cha huko.

"Ulikosea. Futa ile yote, anza tena."

"Samahani, ni kweli nimekosea," inajibu mashine. "Naanza upya."

Hakuvaa visikilizi masikioni, ili asikie akiitwa, maana chumba cha pili alilala mama mkwe wake, Mukamurenzi, aliyeletwa kutoka Nkanka baada ya kuvunjika nyonga. Mume, Christophe-Aimé, ni dereva wa lori, nyumbani hafiki ila kwa nadra. Alimwachia mkewe neno moja tu: nitunzie mama. Na Joselyne alimtunza, nani aseme vingine? Uji kwa wakati, dawa kwa wakati, maji ya moto ya kuoga. Halafu mbio, arudi kwenye mashine.

Tatizo ni kuta zetu, hazijui kufunga mdomo. Majirani walisikia mke wa mtu akifoka na sauti ya mama ikiomba msamaha, asubuhi hadi jioni, wakajumlisha wenyewe. Kwetu mukazana, yaani mke wa mwana, hamwambii mabukwe, mama mkwe wake, "ulikosea" hata kama amemwaga sufuria nzima. Habari zikamfikia wifi yake, naye akaapa kuja kumchukua mama yake, na ndugu wote wajue kwa nini. Kabla hajafika, wamama wa kikundi cha maombi walitangulia, maana nyumba yenye ugomvi huimbiwa kwanza, huhojiwa baadaye.

Nilifuatana nao, kwa kuwa naishi nyumba ya pili na umbeya si dhambi kubwa. Tulimkuta katikati ya kazi. Programu ilitakiwa wiki hiyohiyo, na Joselyne alisikiliza beti zote akiwa wima, vidole vikigonga mlango. Maman Patricie, kiongozi wao, akafunga kitabu cha nyimbo.

"Joselyne, tuko nasikia kila siku. Unagombezaka mama ya bwana yako kama mutoto. Na yeye eko naomba pardon! Hapana, hii haiko muzuri."

"Ba Maman, ile ni machine!" Joselyne akaruka hadi mezani. "Sikilizeni. We, ulikosea tena!"

"Samahani, ni kweli nimekosea," ikasema mashine kwa adabu zake zote.

Tulitazamana. Mmoja akacheka, kicheko kikatuambukiza sote. Joselyne akashusha pumzi, akachungulia saa, akaanza kutushukuru huku akitusukumia mlangoni.

"Ngoja kwanza," akasema Maman Patricie. "Tuulize na mwenyewe."

Mukamurenzi akaletwa, fimbo mkononi, akakalishwa. Akaulizwa kama mukazana wake amewahi kumtukana.

"Hapana, ba Maman. Atanitukana namna gani? Hata hanisemeshake." Hakusema kwa hasira. "Machine ikikosea, anaifasiria polepole mpaka isikie. Mimi niko nasikilizaka kwa mulango. Siku ingine nawaza: na mimi nikosee kitu, pengine atanigombeza kidogo."

Mimi mwenyewe niliangalia chini. Mezani mashine iliuliza kama iendelee, na Joselyne akaiacha. Alimgeukia mama, akatafuta la kumwambia, yeye ambaye huongea tangu kukicha.

Mwisho akamuuliza kama amekunywa dawa.