Watu wa Zamu Ndani ya Sponji

Nilifanya kazi ya kuua vijidudu kwa miaka kumi na tisa. Hospitalini nilikuwa mtu wa chumba cha kuchemshia vifaa: mikasi, koleo, mabakuli ya chuma, vyote vilipita mikononi mwangu na kutoka vikiwa safi kiasi cha kulia chakula. Kisha narudi nyumbani, miguu imevimba, nakuta tangi la samaki ambalo mume wangu anataka vijidudu vyake vitunzwe kama mayai. Sikuolewa kwa ajili ya hayo, lakini ndiyo yaliyonipata.

Ilikuwa miaka ya tisini. Yeye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa, na tulikaa katika nyumba za wafanyakazi, si mbali na barabara ya kwenda Litein. Tangi aliachiwa na meneja mmoja aliyehama. Lilikuwa na ufa kwenye kona, akauziba kwa gundi. Kwa wazazi wangu, wakulima wa chai wenye ng'ombe wao, samaki hakuwa chakula. Kwa wazazi wake, samaki hakuwa pambo. Kwa hiyo lile tangi liliudhi pande zote mbili, na yeye alilifurahia kwa sababu hiyo hiyo.

Kichujio alikitengeneza mwenyewe. Alitoboa kopo la plastiki la mafuta ya kupikia, akalijaza vigae vya chungu kilichovunjika alivyotoka navyo kwao, juu yake akaweka kipande cha sponji ya godoro, kisha akapitisha mrija wa pampu ya hewa. Mimi nilidhani kazi ya sponji ni kuzuia takataka, basi. Alinicheka. Akanieleza kwamba takataka si shida kubwa. Shida ni mkojo wa samaki, ambao hauonekani na huwaua wenyewe. Ndani ya sponji na juu ya vigae wamo vijidudu wanaoila ile sumu bila kupumzika. Aliwaita watu wa zamu, maana kiwandani kwao mitambo haikuzimwa na watu walipokezana.

"Daktari," aliniambia, kwani ndivyo alivyonitania, "hawa wangu usiwaue. Ukiosha hiyo sponji, osha na maji ya tangi. Si ya mfereji, hiyo iko na dawa. Si ya moto. Na vigae usiguse kabisa."

"Na hii harufu?"

"Hiyo ni harufu ya kazi."

Nilimwacha na mambo yake. Hilo lilikuwa tangi lake, na mimi nilikuwa na ya kwangu.

Halafu kiharusi kikampiga, mwaka ule wa mvua ya El Niño. Alirudishwa nyumbani upande wa kulia umekufa na ulimi umefungwa. Watoto wetu wawili walikuwa shule za bweni. Mchana jirani alikuwa akimchungulia, na nikitoka kazini nilikuwa naye mimi. Ugonjwa wenyewe ningeuvumilia. Kilichonishinda ni chakula. Alifunga kinywa. Nilimlisha uji, ukamwagika kidevuni. Nilimpondea viazi, akageuza uso ukutani. Alikonda hadi saa yake ikawa inateleza mkononi.

Siku moja nilikuwa nafagia, nikamsukuma kiti chake mbele ya tangi ili tu nipate nafasi. Macho yake yakaanza kuwafuata samaki. Walikuwa wanane, wadogo, wa rangi ya chungwa. Nikaleta kijiko cha uji, akafungua kinywa bila kujua kwamba amefungua. Nilisimama pale na ufagio kwapani nikalia. Kuanzia siku hiyo alikula mbele ya tangi tu. Ukimlisha kitandani, kinywa kilikuwa kufuli. Hivyo uhai wa wale samaki ukawa ndio uhai wake, na wote wakawa juu yangu.

Kila Jumamosi nilitoa ndoo moja ya maji kwenye tangi, nikakamua nusu ya sponji humo, nusu tu, polepole, na maji yakawa meusi kama chai iliyokaa. Mikono yangu ilitaka kusugua. Mikono iliyofundishwa kuchemsha haipendi kuacha kitu kikiwa nusu kichafu. Maji ya kujazia nilikinga mvua kwenye pipa. Na mvua yenyewe ilikuwa adui: kila ikinyesha, umeme ulikatika, pampu ikanyamaza, na watu wa zamu wakakosa hewa. Basi nilikaa na jagi, nachota maji ya tangi, nayamwaga kutoka juu, nachota, namwaga, hadi umeme urudi. Bega liliwaka moto. Yeye alitazama samaki.

Nitalisema wazi, kwa kuwa nimezeeka na sina wa kumficha. Nililionea wivu lile tangi. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimbadilisha nguo, na katika miezi minne hakunitazama usoni hata mara moja. Samaki ndio aliowatazama. Mimi nilikuwa mkono unaoleta kijiko.

Mama yake alikuja kutoka ziwani kunisaidia. Sina neno baya juu yake. Alinipokea vyombo, alinipokea nguo, alimsimulia mwanawe habari za nyumbani kwa lugha yao kana kwamba anajibiwa. Mimi nilimweleza mambo mengi, vidonge vya asubuhi na vya jioni, jinsi ya kumwinua bila kuumiza mgongo. Habari za sponji sikumweleza. Ilikuwa kazi yangu ya Jumamosi, nami niliona si lazima.

Wiki yake ya pili, nikarudi kutoka zamu alasiri moja na kumkuta barazani. Mbele yake beseni la maji ya moto yenye povu. Mikononi sponji, anaisugua kwa sabuni ya unga kwa nguvu zake zote. Pembeni kopo lenye vigae, bado halijaguswa, na sufuria ya maji imeanza kuchemka jikoni, ikivingoja.

"Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "mnaweka uchafu namna hii kwa nyumba ya mgonjwa? Hii kitu imeoza. Wewe umechoka, najua. Wacha nikuoshee."

Sponji ilikuwa imekwisha, watu wake wa zamu wamekufa. Vigae vilikuwa hai. Vigae peke yake vingetosha kuanza upya. Mume wangu alikuwa ameniambia hivyo zaidi ya mara moja. Ilibaki niseme neno moja tu, ngoja.

Nilikaa kwenye kizingiti nikavua viatu. Niliona akivimimina vigae ndani ya maji yanayochemka. Nikasema, "Asante, mama."

Kwa siku mbili tangi liling'aa. Majirani walikuja kulisifu, na mama mkwe wangu akafurahi. Mume wangu hakuwatazama samaki. Alilitazama kopo la kichujio, sponji ikiwa ya manjano kama mpya, na koo lake likatoa sauti ambayo mama yake aliielewa kuwa ni shukrani. Siku ya tatu maji yakaanza kuwa na rangi ya maziwa, na samaki wakapanda juu kutafuta hewa.

Hapo ndipo nilipozinduka. Nilitoa maji nusu tangi asubuhi, nusu tangi jioni, ndoo baada ya ndoo kutoka kwenye pipa la mvua. Nilipunguza chakula chao. Maziwa ya mgando yakikuishia unaomba kwa jirani kidogo cha kuanzishia, lakini vijidudu wa namna ile katika vilima vile ningewaomba kwa nani? Alikufa mmoja, wakafa watatu, na Jumapili tuliporudi kutoka kanisani walikuwa wameelea wote waliobaki. Niliwatoa kwa kichujio cha chai.

Mama mkwe aliniuliza barazani, kwa sauti ya chini, "Ni mimi?"

"Hapana, mama. Ni umeme, unapotea sana."

Aliniamini. Kesho yake alirudi kwao, shamba lilimngoja, na akaniombea kwa Mungu kabla hajaondoka. Sikuwahi kumwambia vingine, na sasa amelala kaburini.

Mume wangu akafunga kinywa. Siku ya kwanza nilimweka mbele ya tangi tupu, nikidhani mazoea yatafanya kazi. Hakufungua. Siku ya pili alimeza maji tu, na hayo ni yale niliyoyapenyeza kwa kitambaa. Jioni ya siku ya tatu nilirudi kutoka kazini, nikapika uji, nikaupeleka. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata uongo ulikuwa mzigo wa kuinua.

"Mama yako hakujua," nilimwambia. "Mimi nilijua. Nilimkuta vigae bado hajavichemsha. Ningemzuia. Nilikaa nikavua viatu, nikamwacha."

Akageuza shingo. Ilimchukua muda, kwa sababu ilikuwa upande ule mbovu. Akanitazama usoni, mimi, kwa macho yale yale aliyokuwa nayo zamani akikagua mtambo uliomsumbua. Nilitamani aangalie kwingine. Niliendelea kumwambia, kwamba nililionea wivu tangi lake, kwamba mgongo unaniuma, kwamba nilitaka kitu kimoja katika nyumba ile kifike mwisho. Uji ulishika ngozi juu.

Akafungua kinywa.

Sijui kama alinisamehe au njaa ilimshinda. Nilitoa ile ngozi ya uji, nikachota kijiko, akameza, nikachota kingine. Alikula bakuli zima, na muda wote ule hakuyaondoa macho kwangu.