Hindi la Nje ya Sanduku

Bibi shamba wetu wa Mbekenyera huvua viatu kwanza, asije akafuta mstari wenye namba aliouchora ardhini. Baada ya mavuno kila mkulima humpa hindi moja. Hulipima kwa utepe wa fundi cherehani, akaliweka kwenye namba ya urefu wake. Kisha huhesabu kwa kidole, huacha robo ya mafupi huku na robo ya marefu kule, na nusu ya katikati huizungushia mchoro wa sanduku kwa kijiti. "Hapa ndipo tulipo wengi," husema kwa sauti ya chini. Msimu huu mvua ilikatika mapema, sanduku likaangukia kwenye namba ndogo. Hindi moja tu lilikaa mbali, kwenye namba kubwa, peke yake. Alichukua kamba yenye urefu wa sanduku mara moja na nusu, akaivuta kutoka ukingo wa sanduku, haikulifikia; kwa kipimo chake, hindi hilo si la kawaida.

"Hilo litoe, linatuharibia picha," akasema Saturnini, jirani yangu.

Bibi shamba aliliokota, akalipangusa kwa pindo la kanga. "Nani kalileta?"

Safina, nyuma kabisa, akanyoosha mkono nusunusu. "Mbegu ya bibi yangu hiyo."

Bibi shamba alishaanza kuvaa viatu. "Nipeleke shambani kwako, mama. Na ninyi wa ndani ya sanduku, tufuateni."