Nguo za Kupokelea Wakaguzi

Ndugu zangu wa Iringa huniuliza kila nikienda likizo, kazi yangu huku Mara ni kazi gani hasa, maana wanasikia nalipwa kwa kutazama watu wakilima. Si kutazama kulima. Natazama kama mtu anayepiga dawa ya wadudu shambani amevaa ovaroli, gambuti, glavu, miwani na barakoa, na kama mwajiri ndiye aliyempa, kwa sababu kanuni zinasema hivyo. Safari ninayoisimulia ilianza na simu ya muuguzi mmoja wa zahanati huko Serengeti. Alisema anapokea vibarua wenye kizunguzungu na kutapika, na kwamba juzi mama mmoja alimletea mtoto mchanga aliyelegea kama kitambaa, mate yakimtoka mfululizo. Mama huyo alikuwa akipiga dawa kwenye nyanya, kisha ananyonyesha na nguo zilezile. Mtoto alipona. Muuguzi alitaka kujua atapona mara ngapi.

Mkuu wangu wa kazi alisikitika sana. Akaagiza niondoke mara moja. Halafu akaagiza wenye mashamba wote wapigiwe simu mapema wajue siku tutakayofika, kwa sababu kumwingilia mtu kwake bila hodi si ustaarabu. Simu zikapigwa. Mimi mwenyewe nilipiga nyingine.

Tulitoka Musoma asubuhi, mimi na dereva Makoye, Msukuma mpole ambaye hupenda kuitwa mahali popote penye chakula. Tulivuka daraja la Kirumi, tukapanda kuelekea Tarime, na hewa ikaanza kupoa. Sisi watu wa nyanda za juu huwa tunajiona nyumbani pale, hadi tunaposikia Kikurya kikizungumzwa kwa sauti ya juu na kudhani watu wanagombana, kumbe wanaulizana habari za mvua.

Shamba la kwanza lilikuwa la kabichi, kwenye vilima vya upande wa Sirari. Vibarua walikuwa wamepangwa mstari getini, wamevaa ovaroli za bluu zenye mikunjo ya dukani bado, na wakatuimbia wimbo. Mmoja alikuwa ameivaa barakoa juu ya paji la uso. Mwingine aliniangalia kupitia miwani iliyokuwa bado na karatasi ya bei kwenye kioo, akinitafuta kwa sauti. Msimamizi, kijana aliyekulia ng'ambo ya mpaka, alinishika mkono kwa nguvu.

"Karibu sana, madam! Huku kwetu hakuna mchezo na mambo ya sefti. Watu wangu wako sawa kabisa."

"Hizi nguo wanavaa kila siku?"

"Kila siku! Hata wakilala, mimi nawaambia wavue."

Wakapiga dawa mbele yetu, mistari kadhaa, kwa nidhamu ya gwaride. Haikuwa na harufu yoyote. Nilidhani ni aina mpya. Baadaye Makoye aliniambia aliwaona wakijaza mabomba ya mgongoni kwenye pipa la maji ya kunywa, na mmoja wao akanawa uso kwa hiyo "dawa". Nilimwuliza kwa nini hakuniambia palepale. Alisema hakutaka kuharibu shughuli ya watu.

Kutoka hapo tuliteremka hadi Kewanja, kijiji kilicho jirani na mgodi wa dhahabu. Hapo ndipo nilipoona vifaa vya kinga kwa wingi kuliko mahali pengine popote mkoani. Ovaroli zilikuwa kwa mafundi baiskeli, kofia ngumu zilikuwa kwa wauza mahindi, na mama aliyetuuzia chai alikuwa amevaa koti lenye mikanda ya kung'aa gizani, saa sita mchana. Nilimwuliza kama anafanya kazi mgodini.

"Hapana, nauza chai," alisema. "Lakini ukivaa hivi watu wanalipa."

Hilo nililielewa. Katika sehemu hizi ovaroli ni nguo ya heshima, ya mtu mwenye ajira. Mtu akiipata, kuipeleka kwenye matope na dawa ni sawa na kwenda kufyeka na suti ya harusi.

Siku ya pili, baada ya kuvuka Mto Mara na kula vumbi hadi Mugumu, tulielekea Manchira, karibu na bwawa. Hapo ndipo lilipokuwa shamba la nyanya la Mzee Wambura, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Tata, yaani baba. Mapokezi yake yaliyashinda yote. Kulikuwa na viti vyenye vitambaa, kulikuwa na nyama na ugali wa mtama, na vibarua walisimama nyuma ya viti wakiwa wamevaa kila kitu kuanzia utosini hadi unyayoni, wakitokwa jasho kwa ajili yetu. Kati yao alikuwa dada mmoja mwembamba, Bhoke. Wakati wa kula, bibi mmoja alimletea mtoto anyonye. Bhoke alihangaika na zipu ya ovaroli kwa muda mrefu, asijue inakofungulia, mpaka mtoto akaanza kulia.

Nilimwuliza taratibu kama huyo ndiye mtoto aliyepelekwa zahanati.

"Ndiye, madam," alisema. Akamtazama Mzee Wambura, akainamisha kichwa. "Sasa hajambo."

Nilitaka kumwuliza zaidi, lakini Mzee alikuwa amesimama kutoa hotuba. Alizisifu kanuni zote, nyingine kwa namba. Nikamsifu naye. Tukaagana kwa kushikana mikono mara mbilimbili, tukaenda kulala gesti Morotonga, palepale Mugumu, na kusema kweli niliridhika. Nilimwambia Makoye kwamba Serengeti wametuzidi.

Siku ya tatu asubuhi tulianza kurudi. Tulikuwa hata hatujaiacha Mugumu vizuri, gari likawika. Nilimtazama Makoye. Akatazama barabara. Gari likawika tena.

"Makoye, kuna nini huko nyuma?"

"Ni jogoo, madam. Mzee Wambura alinipa wakati unaaga."

"Unajua mkaguzi haruhusiwi kupokea zawadi."

"Hiyo si zawadi, ni heshima. Wewe ukimrudisha jogoo, umemtukana mzee wa watu. Atasema tumemwona mchawi."

"Basi tumtukane. Geuza gari."

Hatukupiga simu. Haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kupiga simu kutangaza kwamba anarudisha jogoo.

Tulipofika Manchira hapakuwa na wimbo wala viti. Vibarua walikuwa katikati ya nyanya, na safari hii harufu ya dawa ilitupokea tangu barabarani, kali, ya kukaba koo. Hakuna aliyekuwa na ovaroli. Bhoke alikuwa peku, kanga kiunoni, na bomba mgongoni lililokuwa likivuja kwenye kifuniko, hivi kwamba blauzi yake ilikuwa imelowa yote na kushikana na ngozi. Nikiwa bado nimesimama na jogoo mkononi, alimaliza mstari, akalitua bomba, akafuta mikono kwenye kanga ileile, akampokea mtoto kwa bibi. Akafungua blauzi.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Jogoo alinitoka akaenda zake, na Bhoke akashtuka akamkumbatia mtoto kifuani, ndani ya ile dawa, kwa sababu mama akishtuka ndivyo anavyofanya.

"Ovaroli yako iko wapi?" nilimwuliza nilipomfikia. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo sikujua ni ya kumpa nani.

"Iko stoo, madam. Zile ni za wageni." Alinieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa mambo. "Nyie mkija tunavaa, mkiondoka tunazifua, Tata anafungia. Sasa leo mmekuja hamkusema, mmetukuta hivi. Mtusamehe."

Aliniomba msamaha. Muuguzi aliniuliza mtoto atapona mara ngapi, nami nilikuwa nimekaa mita chache kutoka kwa mtoto huyo jana yake, nikila nyama na kusifu zipu.

Mzee Wambura alikuja kwa haraka, shati halijafungwa vifungo. Kwanza aliona jogoo wake akichakura chini ya nyanya.

"Mmemrudisha?" aliuliza. Alikuwa ameumia kweli. "Mura, kijana wangu," akamwambia Makoye, "mimi nimekukosea nini?"

"Muulize madam," alisema Makoye, akarudi garini.

"Na mbona hamkupiga simu? Mngepiga, ningewavalisha. Mnatukuta hivi hivi, mnatuaibisha. Hata mkwe hafanyi hivyo!"

Nikamwambia nguo zile hazikuwekwa na kanuni kwa ajili ya kutupokea sisi. Nikamwonyesha mgongo wa Bhoke. Akautazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

"Madam, hawa wamezoea. Ovaroli joto, wanachelewa, na zikichanika nani atanunua zingine? Halafu hii dawa imechanganywa na maji mengi. Ni kama maji tu."

"Kama maji tu?"

"Kama maji tu."

"Sawa, Tata. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya tatu." Nikalinyanyua bomba la Bhoke, nikapenyeza mkono mmoja kwenye mkanda. Nilikuwa na blauzi nyembamba ya ofisini. Nilisikia bomba lile likitikisika, na nikatafuta mkanda wa pili. Niliogopa, sitaficha.

"Weka chini!" Mzee Wambura aliruka mstari wa nyanya ambao sidhani kama ameuruka tangu ujana wake. "Madam, weka chini! Itakuingia mgongoni! Unataka kunifia hapa kwangu?"

Alisema kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa shamba. Mabomba yote yaliacha kupiga, moja baada ya jingine. Vibarua wakasimama wakimtazama. Naye nadhani ndipo alipokisikia alichokisema, maana mkono wake ulibaki palepale, umeshika mkanda wa bomba.

Bhoke hakupandisha sauti. Alikuwa amempakata mtoto, blauzi imelowa.

"Na mimi, Tata? Mimi nikifa nitakuwa nimefia kwa nani?"

Mzee alilichukua bomba kwangu, akalitua taratibu, akaenda stoo akitafuta funguo mifukoni, mfuko huu, mfuko ule. Bibi alimchukua mtoto, akaanza kumvua nguo na kumwogesha kwa sabuni, na Bhoke akaenda kuoga nyuma ya nyumba. Nikawaambia vibarua wote, Mzee akisikia, kwamba anayefukuzwa kazi kwa kudai nguo za kazi anitafute, na kwamba bomba linalovuja halipandi mgongoni mwa mtu hadi litengenezwe. Hawakupiga makofi. Walikuwa wanazitazama ovaroli zikitolewa nje siku isiyo na wageni.

Njia nzima hadi Musoma Makoye aliniuliza jambo moja tu, kama ningependa kula. Ofisini, mkuu wangu alisoma taarifa akakunja uso. Alisema kwenda bila taarifa ni kuwavunjia watu heshima. Nilimjibu kwamba katika safari yote nilijifunza jambo moja: heshima tuliyopewa ilikuwa inavaliwa na watu waliohitaji ile nguo, kisha inafungiwa stoo tukiondoka. Akasema hayo ni maneno ya vitabuni. Hata hivyo, nilipoomba ruhusa ya kurudi, hakukataa. Alisema tu kwamba yeye asiambiwe ni lini.

Wiki chache baadaye nilishuka kwenye bodaboda barabarani, nikaingia Manchira kwa miguu. Hakuna aliyekuja kunipokea. Ovaroli zilikuwa zimechakaa tayari, moja imekatwa mikono kwa sababu ya joto, na nikaona kabisa kwamba ningegombana na mtu. Barakoa nyingine ilikuwa shingoni. Lakini Bhoke alikuwa amevaa yote, matope hadi magotini, ovaroli imepauka begani pale mkanda wa bomba unapokaa, na kwenye kivuli kulikuwa na ndoo ya maji, sabuni, na gauni safi limetundikwa.

"Bhoke! Hujambo?"

Aligeuka kidogo tu.

"Shikamoo, madam. Sina nafasi. Subiri nimalize mstari, nikaoge, mtoto anyonye, ndiyo tuongee."

Sijawahi kufurahi kukosa kukaribishwa namna ile. Nikatafuta jiwe, nikakaa, nikasubiri.