Mgongo Wangu na Manukato ya Wifi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa akitengeneza mafuta ya kujipaka nyuma ya nyumba yetu Nyantakara, na kila mchanganyiko mpya aliujaribu kwangu kwanza. Hakuniomba. Alinikuta napepeta maharage, akanishika mkono kama anayekamata mguu wa kuku, akanipaka toka kiwiko hadi vidoleni.

"Tuone kama yanalainisha," alisema.

Mimi nilikuwa mke wa kuja, Mhangaza wa Bugarama, na katika nyumba ile mke wa kuja hakuwa na ngozi yake mwenyewe.

Mwanzoni hakuna kilichonidhuru, ndiyo maana nilivumilia. Kisha akaleta manukato mapya kutoka mjini, yenye harufu ya waridi. Baada ya kupakwa mara kadhaa, mikono ikaanza kuwasha. Ikavimba, ikatoka malengelenge, yakapasuka. Msimu wa kupalilia nilishindwa kushika jembe. Nikamwonyesha.

"Huo ni uchafu," akasema. "Wenzako wanaoga."

"Ni mafuta yako, wifi."

"Mafuta yangu wanayapaka hadi Kaniha. Mbona ni wewe tu?"

Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Huenda kwao wana ugonjwa huo," akasema kwa Kisubi, lugha yao, akidhani bado sikielewi. Mume wangu alisikia yote. Akainuka, akaenda kufunga mbuzi.

Nilikwenda peke yangu hospitalini Biharamulo, siku ambayo daktari wa ngozi huja. Daktari mwenyewe, mama mmoja, aliigeuza mikono yangu, akasema, "Sitakisia. Niletee kila kinachoingia kwenye mafuta hayo, kidogo kidogo, kila kimoja peke yake. Nitakubandika mgongoni tuone ngozi inakataa kipi."

Nikarudi, nikaomba. Wifi akasimama mlangoni mwa stoo.

"Unataka kuiba siri yangu ukatengeneze kwenu."

"Nataka kujua kinachonichubua."

"Basi jikune."

Alipokwenda sokoni niliingia stoo mchana kweupe, mama mkwe akitazama, nikamimina kidogo kidogo kwenye vichupa vya dawa vilivyokwisha.

"Mwizi!" mama mkwe akapiga kelele.

"Mwizi ni aliyechukua mikono yangu," nikamjibu. Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya siku ile. Sikutubu.

Daktari alivipanga vichupa mezani. Magadi makali ya sabuni, ambayo wifi aliyatumia kugandishia mafuta, aliyakataa. "Haya humuunguza yeyote. Mimi sitafuti kuungua, natafuta mzio." Manukato akayapunguza makali kwa kuyachanganya na vaselini. Kisha akanibandika plasta ndogo kwa mistari, akaniandika alama kwa kalamu, akanikataza kulowesha mgongo wala kulima. Nililala kifudifudi, nikiwashwa mahali pamoja tu, nikimlaani mtu mmoja tu.

Plasta zilipobanduliwa, na hata niliporudi tena kukaguliwa, penye mawese palikuwa safi, penye nazi safi. Penye manukato palivimba, pekundu, pana vipele vya maji. Daktari akanipigia picha kwa simu yangu.

"Mzio haupandi siku ya kwanza," akaniambia. "Ngozi hujifunza polepole kukichukia kitu. Ikishajifunza, haisahau."

Siku ya gulio nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya wifi. Nikainua simu.

"Huu ni mgongo wangu. Hayo ni manukato yako."

"Mchawi huyu!" akawaambia wateja. "Amekuja kuniharibia biashara!"

Mwanamke mmoja, nisiyemjua, akafungua kitenge shingoni. Ngozi ilikuwa imechunika vilevile. "Na mimi nani kaniroga?" akauliza. Wateja wakarudisha makopo mezani, mmoja baada ya mwingine. Nilisimama pale mpaka wifi akafunga mizigo. Nilitaka anione nikimtazama.

Nyumbani mume wangu akasema nimemwaibisha dada yake.

"Mikono yangu ilipotoka maji, aibu yako ilikuwa wapi?" nikamuuliza. Akainuka, akaenda kwa mbuzi wake, kama kawaida yake.

Sasa wifi amehamia Kaniha. Nasikia bado anauza, tena kwa manukato yaleyale, ila kopo ni la rangi nyingine. Wanaotoka huko nawaambia. Mikono yangu ilipona, lakini kanisani, akiketi karibu yangu mwenye harufu ya waridi, nahama benchi. Tukikutana na wifi msibani, kila mtu anatazama kwake. Padri amenisihi nimsamehe. Nilimwambia nitalifikiria siku atakapokuja mwenyewe kuniomba.

Hajaja, na simsubiri.