Mapaa Niliyompa Dada Yangu Aanikie Dagaa

Nilikosea mimi. Si mvua, si mwenye nyumba, si vijana wangu wa kazi. Ni mimi, fundi mkuu mwenye mdomo mwingi na subira kidogo.

Tulipewa kazi ya kubomoa nyumba ya zamani mtaa wa Kasingirima, iliyoezekwa yale mapaa mazito ya kijivu, vipande vipana kama vya saruji. Mkaguzi wa usalama wa majengo akaja kwanza. Akazunguka siku nzima na tochi, akakata vipande vidogo paani na darini, akavifunga kwenye mifuko. Nikamuuliza tunaanza lini.

"Hivi vinakwenda maabara, Dar. Kaeni wiki tatu. Paa lisiguswe."

Wiki tatu za kukodolea macho paa! Mvua zilikuwa zinakaribia, nikaona ananichezea tu. Bodaboda yake ilipoondoka, nikawapandisha vijana juu na nyundo. Siku moja tukamaliza. Vumbi lilitujaa hadi kwenye kope, na tulikuwa tunachekana.

Halafu nikafanya ujinga mkubwa zaidi. Mapaa yaliyotoka mazima nikampelekea dada yangu anayeishi Bangwe. Anauza dagaa, alikuwa anawaanika chini ufukweni, na wateja wakilalamikia mchanga. Alinishukuru sana. Ikawa kila asubuhi anayafagia kwa ufagio wa chelewa kabla ya kumwaga dagaa.

Majibu yalikuja kwa muda ule ule aliosema mkaguzi. Ni asbesto, vumbi lake linaharibu mapafu. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikanyamaza miezi mitano. Nilikuwa nakwenda kwake, nakula, nasikia ule ufagio, na bado nanyamaza. Najichukia kwa hilo kuliko kwa paa lenyewe.

Aliyemwambia dada ni mkaguzi. Alipita Bangwe kununua dagaa, akayaona mapaa yamepangwa mchangani, akayatambua.

Dada akaniita. Hakupaza sauti.

"Kaka, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na huyu mtoto niliyekuwa nambeba mgongoni nikifagia?"

Daktari aliyemwona mtoto anasema madhara yanaweza kukaa miaka mingi bila kuonekana. Dada hataki nikanyage kwake tena, na ana haki.

Wewe fundi unayemnunia mkaguzi sasa hivi, mwache amalize kazi yake. Na kama umeshabomoa, acha kusoma habari zangu. Nenda ukawaambie waliobeba mabaki, leo, kabla hawajafagia tena.